Ushauri wenu: mikisa ya laivu yenye kutengeneza sauti, Yamaha au GoXLR?

Chumbageni Usiku
Habari za humu wakuu. Naomba msaada, jambo hili linaninyima usingizi. Nafanya laivu usiku, watu wameanza kuwa wengi, lakini sauti inayotoka siipendi. Kelele nilizonazo ni feni, bajaji za barabarani na mbuzi wa jirani. Kuna mtu kaniambia zipo mikisa ndogo zinazosafisha na kutengeneza sauti zenyewe humo ndani. Nimebaki na mbili kichwani: Yamaha AG03MK2 mpya, au GoXLR ya mtumba. Ipi nichukue? Nataka niwe nimeamua kabla ya Ijumaa.

Fundi Waya
Maiki gani, na unarusha kwa simu au kompyuta? Ukijibiwa kabla ya kusema hayo, ujue unabahatishiwa.

Mtoto wa Muheza
Chukua V8, kile kidude cha sauti cha bei rahisi, Kariakoo, laki haifiki, chenji njoo ununue machungwa huku kwetu. Ina makofi, vicheko na milio ya bunduki. Mtaa mzima utakujua.

Mzee wa Mkwakwani
Nyie vijana mnahangaika na vidude. Sisi tulipokuwa tunapiga taarab kwenye harusi za Ngamiani, mwimbaji alikuwa na maiki moja na spika za pembe, na wimbo unasikika mpaka kituo cha reli. Siku moja mpiga kinanda alifungulia mwangwi ukapitiliza, jina la bi harusi likawa linajirudia mara nne nne. Wakwe wakadhani ndiyo mtindo wa mjini, wakatunza kila lilipotajwa. Mwangwi ule hatukuupunguza tena.

Chumbageni Usiku
Maiki ni dainamiki, ya waya. Narusha kwa simu, Android. Kompyuta sina, ila naweza kuazima.

Fundi Waya
Basi umeshajijibu. GoXLR tangu ilipotoka 2018 ni ya kukaa na kompyuta ya Windows. Geti (inakata kelele), kompresa (inasawazisha sauti ndogo na kubwa) na ekolaiza (inapanga besi na sauti nyembamba) unazipanga kwa programu yake. Bila kompyuta utakuwa umenunua taa za rangi. AG03MK2 ina vitufe vya kompresa, ekolaiza na mwangwi juu yake mwenyewe, na ina tundu la pini nne la kuunganisha na simu. Umeme inakula volti 5, chaja ya simu au pawabenki inatosha. Simu inapokea sauti iliyokwisha kupikwa.

Feni hiyo sasa, usidanganywe na mtu. Geti inafunga pale unaponyamaza. Ukifungua mdomo, feni inaingia pamoja na wewe. Na kompresa ukiizidisha inanyanyua kelele ndogo ndogo, huyo mbuzi utamsikia mpaka anavyotafuna. Zima feni, sogeza mdomo karibu na maiki, upana wa ngumi hivi, tundika mablanketi ukutani. Hayo ni bure.

Chumbageni Usiku
Nashukuru sana mkuu, umeeleza vizuri. Ila moyo wangu uko kwenye GoXLR.

Bint Makorora
Huyu kashalipa.

Chumbageni Usiku
Sijalipa. Nimetanguliza nusu tu, asije akamuuzia mwingine.

Fundi Waya
GoXLR ina kitu gani ambacho Yamaha haina? Sema ukweli tukusaidie.

Chumbageni Usiku
Ile ya kubadilisha sauti. Kwenye laivu mimi ni Shangazi, naongelea mambo ya ndoa. Nataka sauti ya mama wa makamo, isiwe ya katuni. Kwa sasa nabana pua, na mpaka namaliza koo linawaka moto.

Bint Makorora
Mbona wanaume kibao wanaongelea ndoa kwa sauti zao? Unaficha nini kaka?

Chumbageni Usiku
Haya. Mimi ni fundi cherehani. Wateja wakija kupimwa wanaongea, nami nasikiliza. Usiku nayasimulia, majina nabadilisha. Juzi mteja alikuwa anaangalia marudio ya laivu yangu humo humo dukani kwangu, akasema huyu shangazi kama anamjua dada yake. Ndiyo maana nina haraka. Na msinihukumu, siombi hela ya mtu, zawadi wanatuma wenyewe.

Ustadhi wa Pongwe
Mwanangu, siri ya mtu ni amana. Mke wa watu anakuamini na tepu yako ya kupimia, wewe usiku unamuuza kwa mawaridi ya TikTok! Na hata ukiliacha la dini, zipo Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020. Siku mambo yakifika TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usije hapa kuuliza ushauri wa wakili.

Bint Makorora
Mwezi uliopita nilishona gauni Barabara ya 9, nikamweleza fundi habari za wifi yangu. Ni wewe?

Chumbageni Usiku
Mimi siko Barabara ya 9.

Bint Makorora
Uko ya ngapi?

Fundi Waya
Kwa faida ya wengine: kubadilisha sauti kuko kwenye GoXLR kubwa, ile Mini haina, kwa hiyo angalia usipewe ndogo. Rodecaster Duo, mikisa nyingine, nayo inaweza, na inakubali simu, ila kwa bei yake unapata cherehani kadhaa. Lakini hakuna hata moja inayobadilisha namna unavyoongea. Anayekujua kwa "ati" zako na kikohozi chako atakujua tu.

Mpelelezi Huru
Jamani, hii ni chai. Mleta mada kaorodhesha kelele: feni, bajaji, mbuzi. Fundi cherehani gani huyo aliyesahau cherehani? Anajua mikisa, hajui kama simu haitoshi? Huyu ndiye mwenye GoXLR, amekosa mnunuzi Tanga nzima, anatutangazia kwa hadithi. Wasimamizi, uzi huu upelekwe kwenye matangazo.

Chumbageni Usiku
Laivu naanza saa tano usiku, cherehani imeshafunikwa. Ningekuwa nauza si ningeweka picha?

Mtoto wa Muheza
Chai au si chai, kama inauzwa, shilingi ngapi?

Mzee wa Mkwakwani
Mimi naomba jina la hiyo laivu. Si mimi, mke wangu ndiye anaulizia.

Chumbageni Usiku
Wakuu, nimeichukua. Ni ile kubwa, mzigo umekamilika. Tatizo kompyuta niliyotaka kuazima ni Mac, haikubali. Nani ana laptopu ya Windows ya bei nafuu hapa hapa Tanga mjini?

Mpelelezi Huru
Mnaona? Sasa anakuja na dalali wa laptopu.

Bint Makorora
Ninayo moja, haina shida hata kidogo. Nielekeze dukani kwako nikuletee.