Mtafsiri wa muvi katuharibia kitabu chetu, na muuza flashi anacheka! Watu wa Mtwara mpo?

Wakuu, hili nimekaa nalo siku tatu nikidhani hasira zitashuka. Hazijashuka, kwa hiyo naandika.

Msimu wa korosho ulipofungwa na ghalani hakuna tena magunia ya kupima, nilianza kusoma A Game of Thrones, kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin. Kizito kama tofali, Kiingereza chake kimejaa maneno ya kale, nasoma kamusi ikiwa pembeni. Mdogo wangu yuko kwenye feri ya Msangamkuu, Kiingereza hakimpandi, basi kila jioni namsimulia nilichosoma. Akazama mzima mzima. Nikichelewa kurudi Chikongola namkuta barazani: "Kaka, halafu ikawaje?"

Tukaona tuangalie na tamthilia yake. Kitabu kina utangulizi na sura 72, sizoni ya kwanza ina epsodi 10. Nikapiga hesabu: sura saba hivi, epsodi moja. Nikaenda kwa jamaa anayejaza muvi kwenye flashi, nikamwambia mara mbili: sitaki iliyotafsiriwa, ile mtu anaongea Kiswahili juu ya picha, nataka ya maandishi chini. Akasema ondoa shaka, bosi. Elfu tatu yangu akachukua.

Tumefika nyumbani, tumewasha: imetafsiriwa!

Kitabuni, pale mwanzo, kuna mlinzi kapanda juu ya mti ng'ambo ya Ukuta, ule mkubwa wa barafu wa kaskazini, usiku, theluji chini. Anamwona mkubwa wake akipigana na kitu kisicho binadamu, na kwa woga hathubutu hata kumwita. Ukurasa ule nilimsimulia mdogo wangu umeme umekatika, namulika kwa tochi ya simu, tukakaa kimya wote wawili. Kwenye tamthilia pambano lile wamelifupisha, sawa. Lakini unaona kabisa picha inataka ukimya. Mtafsiri anapayuka, anasalimia washkaji zake, anatangaza duka lake.

Hilo ningevumilia. Haikufika nusu saa akasema: "Huyu mzee msimzoee, epsodi ya tisa wanammaliza." Jina sitalitaja, humu wapo ambao hawajafika huko. Mdogo wangu akanigeukia: "Kweli, kaka?" Na mimi sikuwa najua! Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza sura ya saba.

Mnaelewa kilichoharibika hapo? Kila sura ya kitabu hiki juu yake kuna jina la mtu mmoja, na ukiwa ndani ya sura hiyo unajua anachojua yeye tu. Unaogopa naye, unakosea naye. Mzee yule ana sura zake, nyingi tu. Mwandishi kautega huo mtego kurasa kwa kurasa, mtu mwingine kaja kuufyatua kwa sentensi moja, tena kwa kujisifu.

Kesho yake nikarudi dukani. Akacheka! "Kitu cha 2011 hicho, dunia nzima inajua." Mwingine aliyekaa pale akadakia kwamba kitabu chenyewe ni cha 1996. 1996 kwa nani? Kwetu kimefika mwaka huu, kwa basi la Dar, dada kakiviringisha kwenye kanga kisilowe.

Na nyie mnaoniambia muvi inatosha, kitabu cha nini, sikilizeni. Daenerys, mmoja wa wahusika wakuu, kitabuni ni mtoto wa miaka 13 na kaka yake anamwoza ili apate jeshi. Kwenye tamthilia wamemkuza, unamwona msichana mkubwa. Nilipomtajia mdogo wangu umri ule alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kama binti wa shangazi." Tunaye nyumbani wa umri huohuo. Utaupata wapi huo uchungu usipokisoma?

Jana nimemwita tuendelee. Nimefika kwenye jina la yule mzee, akaniambia, "Huyo mruke, kaka, si anakufa." Sura nzima, mtu yu hai, anazungumza na wanawe, niiruke!

Mwenye sizoni ya kwanza isiyotafsiriwa, awe Mtwara mjini, Mikindani au hata Lindi, aniambie bei, nitaifuata. Nanyi watafsiri mnaopita humu, tafsirini linalosemwa kwenye picha wakati huo. Ya mbele tuachieni tuyafikie wenyewe.