Tupeane uzoefu: Kiingereza cha "yourself" kilichowahi kukuponza

Wapendwa, habari za jioni. Niko Arua, napika kwenye nyumba ya wageni. Madereva wa malori ya Juba hulala kwetu, wengi Wakenya na Watanzania. Mwaka wangu wa kwanza niliona kibao mezani kwenye hoteli fulani Kampala: "Help yourself". Nikakipenda. Niliporudi nikachukua karatasi ngumu na kalamu nyekundu, nikaandika "Chai ipo, jisaidieni", nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, kando ya chapati.

Wakasoma, wakatazamana, hakuna aliyegusa kikombe. Mzee mmoja wa Tanga akaniita pembeni, kwa upole: "Mwanangu, kujisaidia ni haja ya chooni. Andika jihudumieni." Niliichana ile karatasi mikono ikitetemeka. Kila neno nilikuwa nimelifasiri sawa, na jumla yake ikawa tusi mbele ya chakula. Tangu hapo nayaandika maneno haya kwenye daftari. Wewe yalikukuta wapi?

Karani, Malaba:
Nilikuwa ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Asubuhi nikapigiwa simu kwamba kaka amefariki Mbale. Nikalia juu ya mafaili. Bosi akapita: "Please, pull yourself together." Pull ni vuta, together ni pamoja, nikaelewa nikusanye vyangu niondoke. Nikatia kikombe, sweta na chaja mfukoni, nikaenda. Jioni akapiga kuuliza mbona nimeacha kazi. Kumbe alisema nijikaze! Siku ya msiba wa kaka, nikabeba na uchungu wa kufukuzwa.

Mwalimu, Jinja:
Pole sana, ndugu. Hiyo naifundisha kila muhula, maana ukiondoa "yourself" maana inahama. "Pull together" ni watu kushirikiana. "Give up" ni kukata tamaa, lakini "give yourself up" ni kujisalimisha, kama anayesakwa na polisi akajipeleka mwenyewe. Na -ji- yetu haibadiliki: najikaza, wanajikaza. Luganda nayo hivyo hivyo, okwetta ni kujiua, awe nani. Kiingereza kinadai myself, herself, themselves. Mtoto anaandika "they pulled yourself together" na haoni kosa, kwa sababu lugha ya mama yake haijawahi kumdai hilo.

Mama wa wawili, Kampala:
Miezi minne baada ya kujifungua nilikutana na mwenzangu wa shule. "You've really let yourself go." Nikamshukuru, nikidhani anasema nimejiachia, nina raha. Maana hiyo ipo kweli, mtu akicheza bila aibu. Ila yeye alimaanisha nimejisahau, sijitunzi. Mume wangu ndiye aliyenieleza usiku, mtoto akinyonya. Iliniuma, sikufichi.

Mleta mada:
Mama, pole. Maana zote mbili nimeziandika. Na "let yourself in" kuna aliyekutana nayo?

Boda, Busia:
Mimi. Mteja alituma ujumbe huo, nikasimama getini na kilo tano za nyama, mvua inapiga, nikingoja nifunguliwe. Nikapiga simu, ndipo akasema komeo halijafungwa, sukuma uingie. Alinipa taulo na chai. Mpaka leo ni mteja wangu.