Siku ya faragha ya mbio za dragi: je, kiwanja cha ndege cha mita 1,400 kinatosha?

Katibu wa Klabu, Nakuru aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Klabu yetu ina wanachama wapatao arobaini, wengi wao wakiwa na Subaru na Toyota za kawaida wanazoendea kazini, na wachache wenye magari yaliyofanyiwa kazi kubwa ya injini. Tumechoka kusikia vijana wetu wakishindana usiku kwenye barabara za umma, jambo ambalo ni kosa kisheria na ambalo siku moja litatuletea msiba, na ndiyo maana kamati imeamua kuandaa siku ya wanachama peke yao, bila tiketi wala tangazo, ili kila mmoja alikimbize gari lake kwenye mstari ulionyooka na kupewa muda wake. Mwenye shamba mmoja upande wa Naivasha amekubali kutukodisha kiwanja chake cha ndege ndogo, chenye lami ya urefu wa mita 1,400 na upana wa mita 18. Lami inapoishia kuna nyasi kidogo, kisha mtaro na ua wa seng'enge. Tungependa kukimbia robo maili kamili, yaani mita 402, kwa kuwa ndicho kipimo kinachotumiwa na kila mtu anapolinganisha magari. Naomba kujua kama urefu huo unatosha, vibali vinatafutwa wapi, na siku yenyewe ipangwe vipi ili watu wakimbie mara kadhaa bila vurugu.

Marshali wa Njia alijibu:

Ndugu Katibu, nashukuru kwamba umetaja mtaro huo, kwa sababu mpango wako wote unapaswa kuanzia hapo. Ukiacha mita 100 nyuma ya mstari wa kuanzia kwa ajili ya foleni, kisha ukatoa mita 402 za mbio, unabakiwa na mita 898 za kusimamia. Gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 14 huvuka mstari likiwa na mwendo wa karibu kilomita 160 kwa saa, sawa na mita 44 kila sekunde, na likiwa na breki nzima litasimama ndani ya mita 300 bila shida. Kwa hiyo hesabu inaonekana nzuri. Lakini umbali wa kusimamia hupangwa kwa ajili ya dereva ambaye breki zake zimechemka, au ambaye kanyagio la mafuta limenata, na yale magari yenu machache ya injini kubwa yanaweza kufika mwisho wa robo maili yakikaribia kilomita 200 kwa saa. Huko Marekani, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki mbioni katika kiwanja cha Englishtown mwezi Juni 2008, NHRA, shirika linalosimamia mbio za dragi huko, lilifupisha mbio za madaraja yake ya kasi zaidi kutoka mita 402 hadi mita 305, na hao walikuwa na parashuti na mchanga wa kunasia magari.

Ushauri wangu ni mkimbie mita 201, yaani nusu ya robo maili. Magari mengi yatavuka mstari yakiwa na kilomita 130 kwa saa au chini ya hapo, breki zitabeba takriban thuluthi moja pungufu ya mzigo, na mtakuwa na mita 1,100 za kusimamia. Wekeni koni za rangi pale ambapo dereva anapaswa kuwa ameshaanza kufunga breki, na ukaguzi wa mtaro ufanywe kwa miguu, siku moja kabla.

Jambo la pili ni njia ya kurudi, ambalo klabu nyingi hulisahau. Kiwanja cha ndege kina lami moja tu, kwa hiyo gari lililomaliza haliwezi kurudi huku jingine likija. Pelekeni jozi tano mfululizo, magari mawili mawili sambamba, zisubiri mwisho wa lami zikiwa pembeni kabisa, kisha marshali wa mstari wa kuanzia afunge njia kwa redio, apate jibu la marshali wa mwisho, ndipo magari yote kumi yarudi kwa pamoja nyuma ya gari la msimamizi. Kundi moja litachukua kama dakika 20, na magari arobaini yatamaliza mzunguko mzima kwa saa moja na nusu hivi. Ukianza saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi jioni, kila mwanachama atapata mizunguko minne, na huo ni utajiri.

Taa za kuanzia zinakodishwa, na kama hamkuzipata, mpeperusha bendera asimame pembeni nyuma ya ukingo, asisimame kamwe katikati ya magari mawili. Watazamaji wote wakae nyuma ya mstari wa kuanzia. Ambulensi ikiondoka na majeruhi, hata wa kidole kilichobanwa, mbio zinasimama mpaka irudi.

Fundi, Thika alijibu:

Naongeza kuhusu ukaguzi na lami yenyewe. Kila gari lipite mikononi mwa fundi ambaye hashindani siku hiyo. Akaze nati za magurudumu kwa spana, atikise betri kwa mkono kuona kama imefungwa, avute kila mkanda wa usalama kwa nguvu, na alale chini kutazama mahali oili inapodondoka. Tone dogo linalodondokea kwenye maegesho huwa ni mstari mrefu mtu akikanyaga mafuta hadi mwisho. Kofia ngumu ni lazima kwa kila dereva, na abiria asiruhusiwe. Wenye rejeta kuukuu waweke maji matupu siku hiyo, kwani kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, ikimwagika lami huteleza na haikauki haraka. Muwe na magunia ya unga wa kunyonyea oili, mafagio magumu na mitungi ya kuzimia moto katika ncha zote mbili.

Viwanja vingi vya ndege vya mashambani vina lami nyepesi ya kokoto zilizonatishwa kwa bitumeni, na magurudumu yakizungushwa papo hapo hung'oa kokoto hizo. Zikibaki pale, rubani atakayetua kesho yake atazikuta kwenye panga la ndege yake. Pigeni marufuku kuchoma tairi, na mwisho wa siku mfagie lami yote, nyote mkiwa mmejipanga upana wake.

Vilevile wanachama waelezwe mapema kwamba Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300, hivyo itakuwa imepungukiwa na karibu sehemu moja ya tano, na muda wake hauwezi kulinganishwa na wa gari kama hilo lililokimbia Mombasa.

Mshauri wa Bima, Mombasa alijibu:

Kuhusu vibali, mwandikieni KMSF, ambalo ndilo shirikisho la michezo ya magari linalotambuliwa hapa Kenya na FIA, shirikisho la dunia la michezo hiyo, hata kama siku yenu ni ya faragha, kwa sababu huko ndiko mtakakoelekezwa kwa marshali waliofunzwa. Mwenye kiwanja aijulishe Mamlaka ya Usafiri wa Anga ili marubani watangaziwe kwamba kimefungwa, na siku hiyo alama kubwa ya X ionekane juu ya lami. Polisi wa eneo hilo nao wapewe barua.

Bima ndiyo inayoniumiza moyo, kwa maana wengi huamini kwamba bima kubwa inawalinda. Someni masharti: mikataba mingi ya bima ya magari huondoa waziwazi mashindano na majaribio ya mwendo. Klabu inahitaji bima ya dhima ya siku hiyo, itakayomtaja mwenye shamba pia, na hati ambazo wanachama hutia sahihi kukubali hatari haziwezi kuifuta dhima ya mwandaaji aliyezembea.

Katibu wa Klabu, Nakuru aliandika:

Nawashukuru sana, wakuu. Kamati imekubali mita 201 na makundi ya jozi tano. Limebaki moja: Probox ya mwanachama mmoja itashindanaje na Subaru yenye tabo?

Marshali wa Njia alijibu:

Mizunguko miwili ya asubuhi iwe ya kupima muda tu. Mchana kila dereva atangaze muda anaoamini gari lake litautimiza, na gari la taratibu litangulizwe kwa tofauti ya nyakati hizo mbili. Probox iliyotangaza sekunde 12 ikikutana na Subaru iliyotangaza 9, itapewa taa ya kijani sekunde 3 mapema. Atakayevuka kwanza ameshinda, isipokuwa akienda haraka kuliko muda aliotangaza, hapo ameshindwa. Wakifanya hivyo wote wawili, aliyeupita muda wake kwa kiasi kidogo ndiye mshindi. Kwa mpango huu mwenye injini kubwa hana sababu ya kulisukuma gari lake kupita uwezo wa breki zake.