Mjadala: Kaunti zetu ziendelee kulipia utafiti wa namba tupu?

Wadau wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na nyinyi wa Nakuru, hii maneno ya mbinu mseto kwenye utafiti tuiongelee vizuri. Kuna jamaa hapa amesema kuchanganya namba na mahojiano ni kuongeza gharama bure, ati mtafiti achague moja aifanye sawasawa, na wengi mmemuunga mkono. Mimi napinga kabisa.

Chukua Homa Bay. 2015 GiveDirectly, shirika la misaada, walienda huko kupea watu pesa kwa simu, kama laki moja kila boma, hakuna kurudisha, na karibu nusu wakakataa! Rarieda kule Siaya waliokataa walikuwa wachache sana, na ni Wajaluo wale wale, ziwa ni lile lile. Namba hapo imefanya kazi yake, imeonyesha kuna shida kubwa, lakini ni shida gani haiwezi kukuambia, ukibaki na kompyuta yako utaandika hawa watu wameshiba miradi. Ni kuongea na watu ndio ilijulikana kulikuwa na uvumi kwamba pesa ya bure hivyo lazima ni ya kuabudu shetani. Nani angeweka hiyo kwenye hojaji kama jibu la kuchagua?

Na tohara pia. Majaribio ya hapa Kisumu yalikuwa na vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, matokeo yakatoka 2007, kwamba tohara inapunguza maambukizi ya HIV kwa wanaume kwa zaidi ya nusu. Lakini Mjaluo kimila hatahiri, hiyo namba ingelala kwa karatasi kama wanaume na wanawake wa Nyanza hawangekuwa wameshaulizwa mapema, kwenye vikao vya makundi, ni nini kinawazuia, wakasema uchungu, gharama, mila. Ndio 2008 ikaletwa kama huduma ya hospitali, ya hiari na bila malipo.

Mahali nakubaliana na huyo jamaa ni kwamba mseto mwingi tunaofanya ni wa jina. Fungua tasnifu za masters, chapta ya tatu, ile ya mbinu, unakuta sampuli ya watu 384, ile ya jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 la kuchagua ukubwa wa sampuli, halafu chifu na mwalimu mkuu wanahojiwa harakaharaka na maneno yao yanabandikwa chapta ya nne, ile ya matokeo, kurudia kile jedwali limeshasema. Hapo hakuna kilichochanganywa. Mahojiano yanafaa yaje mbele yabadilishe maswali ya hojaji, ama yaje nyuma, umepata namba ya kushangaza unarudi kijiji kile kile kuuliza mbona. Na namba na mahojiano zikigongana, hojaji inasema watu wanatibu maji halafu mama anakuambia klorini inanuka hatumii, usifiche moja, hapo ndipo kuna matokeo yenyewe.

Gharama ni kweli ipo, kikao cha saa moja kwa Dholuo kukiandika na kukitafsiri kinakula siku nzima na huyo mwandishi lazima alipwe. Kwa hivyo kaunti ikitangaza tenda ya utafiti iweke hiyo pesa wazi, pamoja na siku za kurudi kijijini.

Sasa nyinyi mnaosema ni hasara nijibuni: ile ripoti ya Homa Bay, bila kuketi na watu, kwa sababu ya kukataa mngeandika nini?