Wino kuhamia karatasi nyingine kwenye gilotini: kusubiri, kupunguza mgandamizo au kuweka kadibodi?

Muulizaji: Ndugu wachapaji, habari za kazi. Tunachapa kalenda kwa offseti (wino hupitia kwenye mpira kabla ya kufika karatasini) kwenye karatasi ya mati, yaani isiyong'aa, ya gramu 150 kwa mita ya mraba, yenye buluu iliyokolea karibu ukurasa mzima. Kibano cha gilotini (mashine ya kukata karatasi), yaani sehemu inayobana bunda kabla ya kisu kukata, kikishuka, wino huhamia mgongoni mwa karatasi iliyo juu yake, ukiacha mstari wenye upana uleule wa kibano. Kati ya njia hizo tatu, ipi ni ya kutegemewa?

Fundi wa gilotini: Njia ya kupunguza mgandamizo ningeiweka mwisho. Kibano kikilegea, kisu huzivuta karatasi za juu, hasa kikiwa butu, na bunda likitoka utakuta za juu hazilingani kipimo na za chini. Ni afadhali uweke chini ya kibano kadibodi nene na laini, pana kuliko kibano, ili nguvu isambae, kisha ukate mafungu madogo kwa kisu kilichonolewa vizuri.

Mchapaji wa offseti: Nakubaliana naye, lakini kadibodi haikaushi wino. Wino wa kawaida wa offseti hupenya kidogo kwenye karatasi, kisha hukauka kwa kupokea oksijeni, jambo ambalo katikati ya bunda zito huenda polepole, na katika unyevu wa Dar es Salaam wakati wa masika huchelewa zaidi. Kwa rangi nzito kiasi hicho mimi huacha saa 24 au zaidi. Kabla ya kukata, chomoa karatasi ya katikati ya bunda, wala si ya juu iliyokwisha kupata hewa, uisugue kwa karatasi nyeupe. Kagua pia maji ya mashine (yanayolowesha bamba la kuchapia), kwa kuwa asidi ikizidi huchelewesha ukaukaji.

Mmaliziaji wa vitabu: Mmeisahau karatasi yenyewe. Uso wa mati una ukwaruzo mdogo usioonekana, hivyo hata wino uliokauka huchubuka karatasi zikisuguana. Kwa kazi ya namna hii, vanishi ya maji (mipako wazi ya kulinda uso) inayopakwa mashineni ndiyo kinga ya kweli, ingawa inaongeza gharama.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Mzigo huu umekwisha kuchapwa bila vanishi, kwa hiyo nitaomba siku moja zaidi kwa mteja, nisugue ya katikati, kisha nikate kwa kadibodi.

Fundi wa gilotini: Vema. Ufute na uso wa kibano kwanza, maana wino wa jana ukibaki pale utachafua kadibodi na karatasi ya juu.