Kuku wangu 3 wamekufa kwa joto Tucson na chupa zote za nyanya zimeharibika, naombeni msaada

MamaNeema_Tucson

Habari zenu wapendwa. Mimi niko Tucson, Arizona, huu mwaka wa 6, ila nimekulia Kigoma, kule ambako mbegu ya boga ukiitupa tu nyuma ya jiko mvua zikinyesha unaikuta imeshapanda kwenye paa. Huku ni jangwa jamani, ardhi ngumu kama sakafu.

Mwaka jana mwezi wa 3 nilinunua kuku 6 wa mayai, wale wanene wenye manyoya mpaka miguuni, aliyeniuzia aliniambia ni wapole hawasumbui na kweli watoto waliwapenda sana. Banda nilijenga la mbao, nikaliziba pande tatu nikaacha mlango tu, kwa sababu usiku tunasikia koyote (kama mbweha wa kwetu) wanalia nyuma ya ukuta. Sasa mwezi wa 6 joto likafika nyuzi 44, mimi niko kazini, naingia saa 12 asubuhi natoka saa 8 mchana, narudi nakuta watatu wamelala ubavu, mabawa wameyatandaza, midomo wazi. Mmoja nilimshika kifuani anachoma kama chungu kilichotoka jikoni. Na maji yalikuwepo, chombo kimejaa, lakini nilivyotia kidole nikakuta ni ya moto kabisa, ya kuoga mtu mzima. Mtoto wangu wa mwisho alilia mpaka akalala bila kula.

La pili ni nyanya. Zilizaa vizuri mwezi wa 5 nikasema nitunze, nikapika, nikatia kwenye chupa za glasi 14, nikachemsha tena kama dakika 15 nikazipanga gereji. Mwezi wa 8 naenda kuchukua moja, kifuniko kimevimba, nyingine inatoa povu. Nikatupa zote maana niliogopa.

Naombeni wenye uzoefu wa sehemu za joto kali mnisaidie, hawa 3 waliobaki nawalindaje mwaka huu, na mazao nayatunzaje? Tena jirani ananiambia kufuga kuku mjini hairuhusiwi, ni kweli?

---

Kuku_wa_Phoenix

Pole sana Mama Neema, hiyo picha ya kuku ametandaza mabawa naijua mpaka leo inaniuma. Mimi niko Phoenix, mwaka 2023 tulipigwa siku 31 mfululizo za nyuzi 43 kwenda juu, kuanzia tarehe 30 Juni mpaka 30 Julai, usiku wenyewe haupoi, na nilipoteza wawili wiki ya kwanza tu kabla sijaelewa nafanya nini.

Nianze na la jirani maana ni fupi. Mei 2024 jimbo la Arizona lilipitisha sheria kwamba mji hauwezi kukukataza kufuga mpaka kuku 6 nyuma ya nyumba kama ni nyumba ya familia moja kwenye kiwanja kisichozidi nusu eka. Jogoo wanaweza kukukataza. Na kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, hao wana kanuni zao, waulize kabla hujagongelea msumari mwingine.

Sasa kuku. Kitu cha kwanza ujue kuku hatoki jasho. Anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi na kwa ngozi iliyo wazi, yaani upanga, ndevu na miguu, na akiinua mabawa ni kwamba anatafuta upepo upite kwapani. Kwa hiyo wale wako wa manyoya mpaka miguuni ni sawa na mtu aliyevaa koti la baridi mchana wa Juni, wameumbwa kwa sehemu za baridi. Ukiongeza wengine tafuta Leghorn au Fayoumi wa Misri au wale wa shingo tupu, wembamba, upanga mkubwa, hao wanavumilia. Hawana upole huo wa kubebwa na watoto lakini wataishi.

Banda lako dada ndio limewaua, nakwambia kwa upendo. Ulichofanya kiko sawa kwa Kigoma kwenye mvua na baridi ya usiku, ila huku banda lililozibwa ni tanuri. Toa zile kuta, weka wavu wa chuma wenye matundu madogo pande zote nne (sio ule wa kuku wa kawaida, ule mnyama anauchana), paa liwe na kivuli kingine juu yake, turubai au neti ya kivuli, uache nafasi ya hewa kati ya paa na neti. Wavu huo uzike chini kidogo kuzunguka banda lote ili koyote asichimbe. Juu pia funika, kuna mwewe hapa mchana kweupe.

Maji ndio habari yenyewe. Kuku mmoja siku ya kawaida anakunywa kama robo lita, joto likipanda anakunywa mara mbili au zaidi, LAKINI maji yakiwa ya moto haonji, anakaa pembeni ya chombo kilichojaa mpaka anaanguka. Mimi nagandisha chupa za lita 2 kwenye friza usiku, asubuhi natumbukiza moja kwenye kila chombo na vyombo vinakaa kivulini sehemu mbili tofauti. Nina beseni pana lenye maji ya vidole viwili hivi, wanaingia wanasimama, miguu inapoa na mwili unapoa. Na ule mpira wa bustani usiufungulie moja kwa moja kwenye chombo, maji yaliyolala ndani ya mpira juani yanaunguza, yamwage kwanza mpaka yaje ya baridi.

Chakula wape alfajiri na jioni jua likizama. Kusaga chakula tumboni kunaongeza joto la mwili, kwa hiyo saa 6 mchana usiwape kitu kizito, wape kipande cha tikiti maji kilichotoka kwenye friji, utaona wanavyokigombania.

Ukimkuta amelegea lakini anapumua, mtumbukize kwenye ndoo ya maji ya baridi ya kawaida, sio ya barafu, mpaka shingoni, kichwa nje, halafu muweke ndani kwenye feni. Nimeokoa mmoja hivyo, mpaka leo anataga.

---

Ekai_Lodwar

Salamu kutoka Lodwar, Turkana. Hapa kwetu mchana nyuzi 35 mpaka 37 ni kawaida mwaka mzima. Nakubaliana na huyo ndugu wa Phoenix kuhusu banda. Nyanya yangu, yaani bibi, alikuwa anafuga kienyeji kwa kibanda cha fito na majani ya mkoma, ukisimama nje unaona kuku ndani kupitia fito, upepo unapita hivi unatokea kule. Halafu kibanda kiko chini ya mti, hicho ndio kitu watu wa mabati wanasahau. Kivuli cha mti ni baridi kuliko kivuli cha turubai kwa sababu majani yenyewe yanatoa maji hewani.

Huko Arizona mko na meskite, ule mti wa miiba wa jangwani, si ndio? Huo ni ndugu wa mathenge yetu. Huku mathenge tunaipigia kelele sana, ililetwa kuzuia jangwa ikaziba malisho na njia za maji, miiba yake inatoboa mpaka tairi, lakini huko kwenu ni mti wa asili na ganda lake ni tamu. Kama uko nao kwa uwanja usiukate, weka kuku chini yake.

---

Kuku_wa_Phoenix

@Ekai_Lodwar umesema kweli. Na maganda ya meskite hapa watu wanasaga unga, wenyeji wa hili jangwa wanakula toka zamani. Ila yachumwe mtini Juni kabla mvua za Julai hazijaanza, yakishanyeshewa au yakilala chini yanaota ukungu wenye sumu. Mama Neema, Tucson kuna watu wanaleta mashine ya kusaga, ulizia kwenye bustani za jamii.

---

Shangazi_wa_Chupa

Mama Neema mwanangu, ulifanya vyema kutupa. Naomba uniambie hukuwapa kuku hizo nyanya! Nauliza kwa sababu wengi wanasema "mimi sili lakini kuku watakula", na ile sumu ya botulizimu, inayotoka kwa vijidudu vya kwenye chakula kilichoharibika chupani, inamlegeza kuku shingo mpaka kichwa kinalala chini, anakufa.

Mimi niko Albuquerque, na kutunza chakula kwenye chupa nimefundishwa na bibi mmoja jirani yangu miaka 11 iliyopita, na alikuwa mkali kwelikweli. Wewe naona makosa matatu. Nyanya tunaziona chachu lakini uchachu wake hautoshi, lazima uongeze: chupa ya lita moja tia vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau, yale ya dukani ya kwenye chupa, maana limau la mtini uchachu wake unabadilika, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitiriki. Pili dakika 15 ni chache mno. Tucson mko juu ya bahari kama mita 730, na ukipanda juu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwa hiyo lazima uchemshe muda mrefu zaidi. Nyanya za kupondwa zilizotiwa zikiwa moto, chupa ya nusu lita dakika 40, ya lita dakika 50, na hesabu inaanza maji yakishatokota, yakiwa yamefunika vifuniko.

Tatu ni hiyo gereji. Chupa zinataka sehemu ya nyuzi 10 mpaka 21, zisivuke 35 kabisa, na gereji ya jangwani Julai ni zaidi ya hapo mbali. Kuna vijidudu vinavyopenda joto ambavyo vingelala usingizi kwenye kabati la ndani, ukivipeleka gereji vinaamka. Weka ndani ya nyumba, chini ya kitanda ikibidi.

Na tafadhali sana: maharage, nyama, mchicha, bamia, mahindi, hivyo USICHEMSHE kwenye sufuria ya kawaida ukaviweka chupani. Hivyo vinataka sufuria ya presha maalumu ya chupa, inayofika nyuzi 116 au zaidi. Kama huna, kausha au gandisha. Sumu hiyo haina harufu wala haivimbishi kifuniko kila mara.

---

Binti_Shinyanga

Mimi nashangaa mbona mnahangaika na chupa wakati mna jua la bure 😊 Kwetu Usukumani viazi vitamu tunakata vibichi tunaanika vinakuwa michembe, au tunachemsha kwanza ndio tunaanika, hayo ni matobolwa, unakula mwaka mzima. Majani ya kunde na ya maboga unayachovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili hivi, unayakamua, unaanika KIVULINI penye upepo, sio juani, jua linakula ile vitamini A na rangi inapotea. Yakilia kakaka ukiyafikicha, yamekauka. Unahifadhi kwenye mtungi wenye kifuniko, siku ya kupika unaloweka, unaunga na karanga.

---

Abu_Salim_Maskati

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Maskati, sisi huku ndimu tunazipitisha kwenye maji ya chumvi yanayochemka dakika chache tu, kisha twazianika juu ya dari mpaka ziwe nyeusi na nyepesi kama ganda la yai, ukiitikisa wasikia mbegu zagonga ndani. Hizo zakaa miaka. Hata tende za aina ya mabsali hazingojwi ziive mtini, zakatwa zikiwa manjano ngumu, zachemshwa kwenye masufuria makubwa, zaanikwa juani. Dada yangu kama huko mna ndimu na mitende basi mna akiba.

Jambo moja nalitahadharisha, hewa ikianza kuwa na unyevu usianike tena.

---

Kuku_wa_Phoenix

Hapo kwenye unyevu mzee amegusa penyewe. Mei na Juni huku nyanya ukikata nyembamba zinakauka siku moja au mbili, Julai mvua zikija zinaota ukungu kwenye wavu. Hata feni za maji na kunyunyizia matone madogo ya maji bandani zinafanya kazi Juni, Julai hazisaidii, hapo ni zile chupa za barafu tu. Na kunde na bamia panda hapohapo mvua zinapoanza, zinapenda joto. Sukuma na spinachi subiri Oktoba.

---

MamaNeema_Tucson

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Shangazi, kuku sikuwapa, nilifunga kwenye mifuko miwili nikatupa. Jumamosi mume wangu alitoa zile kuta tukaweka wavu, tumehamishia banda chini ya meskite, matawi yanalifunika lote kuanzia saa 4 asubuhi. Kumbe siku zote mti ulikuwepo na mimi nilijenga juani ukutani kwa sababu palikuwa karibu na bomba.

Swali dogo tu: hawa 3 kuanzia mwezi wa 4 mpaka wa 5 wananipa mayai mengi kuliko tunavyokula halafu joto likija wanaacha. Kuna mtu kaniambia niyaweke kwenye maji ya chokaa, ni salama?

---

Shangazi_wa_Chupa

Wa zamani walifanya, ila wataalamu wa usalama wa chakula hawalipendekezi na mimi silifanyi, hasa kwenye joto lenu. Yavunje, uyapige kidogo na chumvi chembe, mimina kwenye trei ya barafu, yakiganda hamishia kwenye mfuko wa friza uandike tarehe. Yanakaa mpaka mwaka. Usigandishe na ganda lake, litapasuka. Yale ya kula wiki hii usiyaoshe, yana utando wake unaoyalinda, ukishayaosha lazima yakae kwenye friji.

Na joto likianza utaona maganda laini, usidhani wanaumwa. Wanahema sana mpaka damu inapungukiwa na kitu cha kutengenezea ganda. Waongezee maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, watakula wenyewe wanavyohitaji.

---

MamaNeema_Tucson

Asante Shangazi. Nimepima joto la kabati la koridoni leo saa 9 mchana, nje nyuzi 38, ndani ya kabati 24. Imezidi kidogo ile 21 lakini hakuna pengine penye baridi zaidi, chupa zitakaa hapo. Neema ameshaandika majina kwenye trei za mayai.