Kitabu cha kumsomea mama Krismasi hii, jikoni Marangu

Kitindamimba
Habari zenu wapendwa. Tarehe 22 tunapanda basi la alfajiri kutoka Dar kwenda kwetu Marangu, mlimani Kilimanjaro, kama kila Desemba, na safari hii naomba mnisaidie kuchagua vitabu.

Mama ana miaka 74. Ana mtoto wa jicho, jicho moja limepasuliwa Novemba, na daktari amemkataza kulikaza. Huyu ndiye aliyetufundisha kusoma kabla hatujaanza shule, kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani. Sasa zamu ni yangu. Tutasoma jioni baada ya mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, tumezunguka moto jikoni. Kule juu ukungu ukishashuka kwenye migomba hakuna anayetoka tena nje.

Mwaka jana nilikosea kuchagua. Nilibeba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ni riwaya kubwa na ninaipenda, lakini Zakaria alipompiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, mama aliweka kikombe chini akasema, "Funga, mwanangu. Hayo niliyaona kwa jirani." Hatukufungua tena.

Nataka kitabu cha kupoza moyo. Kiwe cha Kiswahili, kisomeke kwa sauti, na wajukuu wa darasa la tatu na la nne wasikilize bila mimi kuruka kurasa.

Binti Malindi
Pole na mama, Mungu amjaalie nafuu. Mpelekee Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy. Kilitoka 1960, na chini ya jina pameandikwa kuwa ni maelezo ya makazi katika kijiji cha Unguja. Ni mapacha wa kike, wamezaliwa pamoja lakini tabia mbalimbali, na wote wawili wanampenda kijana mmoja. Kisa ni hicho tu, ila mwandishi hana haraka: anakutembeza kijijini mpaka unawajua watu kama uliokua nao. Mimi nilikisoma Ramadhani moja baada ya futari, na kila sura ilinirudisha kwa bibi yangu shamba. Ni chembamba, siku tatu nne mmemaliza.

Cha pili nitakachokutajia utashangaa, maana ni cha mauaji: Mzimu wa Watu wa Kale, wa Muhammed Said Abdulla, 1960 pia. Mtu ameuawa, kweli, lakini kinachosimuliwa si damu. Anayesimuliwa ni mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, anavyokaa akafikiri, na sahibu yake Najum anauliza yale ambayo sisi tungeuliza. Watu wazima wanazungumza kwa adabu mpaka ukweli unajitokeza wenyewe. Mkikimaliza, kipo Kisima cha Giningi cha 1968.

Mwalimu wa Tanga
Mwanangu, anza na Shaaban Robert, Adili na Nduguze. Nimekisomesha miaka mingi na najua kinavyofanya kazi kwa sauti.

Mfalme Rai wa Ughaibu anapata habari kwamba liwali wake wa Janibu, Adili, ana manyani wawili. Mchana anawalisha vizuri kama wageni wa heshima. Usiku anawachapa kwa mjeledi, na akimaliza anawalilia. Kwa nini? Hapo msomaji mwenye akili hufunga kitabu na kuwaambia watoto wakalale. Nilikuwa nafanya hivyo kengele ya mwisho ikikaribia, na kesho yake darasa zima lilifika mapema.

Asili yake ni kisa cha Alfu Lela Ulela, zile hadithi za kale za Kiarabu, lakini Shaaban alikivua nguo za Baghdad akakivika Kiswahili chake. Angalia majina tu: ndugu wanaitwa Hasidi na Mwivu, na mtoto wa miaka minane ataelewa kabla hujamweleza. Usisome haraka. Sentensi zake ndefu zina mizani, ukizikimbiza zinakatika. Pumua pale alipoweka mkato.

Na kama mama ni mtu wa shamba, Utubora Mkulima, cha Shaaban pia, atakipenda. Mtu anaacha kazi yake Unguja, anarudi kulima kwa hiari yake. Hakuna jini humo, kuna jembe tu na moyo uliotulia.

Msomaji wa Kitale
Naongeza Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji taarabu wa Tanga, anamfuata babake asiyemjua hadi huku kwetu Kitale. Nilikisoma kidato cha tatu, lakini hakikunishika hadi nilipokisoma tena nyumbani Desemba, bila mtihani. Kuna msiba ndani, dada yangu, nakuambia mapema ili ujiandae. Njia ni ndefu, ila jina la kitabu halikudanganyi.

Kitindamimba
Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Nimesharudi Dar.

Nilianza na Adili. Usiku wa kwanza nilifunga pale pale kwenye mjeledi, kama ulivyoniagiza. Watoto walilalamika, lakini aliyelalamika zaidi ni mama. "Mbona anapiga huku analia? Si aache?" Asubuhi akinimenyea ndizi aliniuliza tena, nami nikakataa kusema. Nilipofika kwenye neno liwali mdogo akauliza ni nani, nikaanza kueleza, mama akanikatiza: "Ni mangi wao huyo," yaani chifu kwa Kichagga. Tangu hapo kila tulipomtaja Adili watoto walisema Mangi Adili, na hadithi ikawa ya kwetu kabisa.

Jioni ya Krismasi, watu wameshiba ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima, nilidhani hakuna atakayetaka kusoma. Mjomba wangu, ambaye sijawahi kumwona na kitabu mkononi, ndiye aliyesogeza kigoda karibu na moto akasema tuendelee. Adili alipowasamehe nduguze, mjomba aliangalia moto muda mrefu. Yeye na kaka yake hawajasalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Kurwa na Doto tulifika katikati tu. Nimekiacha kwa mama, na wa darasa la nne anamsomea Jumapili baada ya ibada. Jana usiku mama alinipigia simu kuniambia wanachelewa kwa sababu mtoto anataka kila neno la Kiunguja aelezwe, na yeye mwenyewe mengine hayajui. Binti Malindi, nikikutumia orodha utanisaidia?

Na Bwana Msa ameshaagizwa kwa Pasaka.